Hakuna Kitu Kinaitwa "Kumaliza Shule"

Hii ya leo ni ndefu. Kama bando yako inakaribia kuisha, isevu usome usiku, lakini isome.

Kuna sentensi moja tunaisema hapa Kenya kila siku, na imetuharibia nchi kuliko venye tunadhani: "Mimi nilimaliza shule." Nenda steji ya Gilgil saa hii. Uliza makanga, uliza mwenye nduthi, uliza dada wa duka la M-Pesa. "Nilimaliza 2019." "Nilimaliza kitambo." Hakuna anayeuliza: ulimaliza nini hasa? Chapati unaweza kumaliza. Deni unaweza kumaliza, Mungu akikusaidia. Lakini unamalizaje kusoma ukiwa na miaka 18 na bado unapanga kuishi hadi 80?

Msimamo wangu ni huu, na sitaupunguza makali: nchi inayoacha watu wake wakome kujifunza wakiwa na miaka 18 imeamua kubaki palepale ilipo. Na Kenya haituachi tu. Inatusukuma nje na kufunga mlango. Kibaya zaidi, sisi vijana tumeanza kuusaidia huo mlango kufungwa.

Tuanze na hesabu. KCSE ya 2024 ilikuwa na watahiniwa 962,512. Waliopata C+ kwenda juu, ile alama ya kuingia chuo kikuu moja kwa moja, walikuwa 246,391. Toa hapo. Wanabaki zaidi ya 716,000, mwaka mmoja tu. Najua wengine walienda vyuo vya ufundi, na hongera zao. Lakini wewe na mimi tunajua lugha waliyopokewa nayo nyumbani. Mtu wa miaka 18 anaambiwa na mjomba, na pasta, na jirani, kwamba hesabu yake imefungwa. D inageuka kuwa jina lake. Anaibeba hadi kwa mjengo, hadi kwa ndoa, hadi siku mtoto wake anamletea homuwaki na yeye anasema, "Nenda uulize mwalimu, mimi sikusoma sana."

Na usidhani waliopita wamepona. Kuna watu wana digrii na hawajafungua kitabu tangu wavue gauni la mahafali. Picha iko ukutani, imewekwa fremu, na ubongo umewekwa fremu pamoja nayo. Huyo ndiye bosi wako kesho, anayekuambia "sisi hapa tumekuwa tukifanya hivi tangu 2004." Aliyefeli aliambiwa hawezi tena. Aliyepita aliambiwa hahitaji tena. Wote wawili wamesimama mahali pamoja.

Sasa najua kuna mtu tayari ameteremka kwa komenti kuandika: "Si wewe mwenyewe uliacha chuo?" Ndio, niliacha, mwaka wa pili. Karo na kodi ya nyumba zilikaa mezani pamoja, pesa ikatosha moja. Sijivunii na sijuti, ni hesabu iliyokataa. Lakini kuacha chuo na kuacha kusoma ni vitu viwili tofauti, na kuna watu wanatengeneza pesa nzuri kwa kuvichanganya.

Hao ndio nataka kuongea nao. Kuna biashara kubwa huku mtandaoni ya kuambia vijana kwamba shule ni utapeli. Wote wanafanana: gari la kukodi, miwani ya jua, halafu sentensi moja, "Bill Gates aliacha chuo." Haya, tumwongelee Bill Gates. Aliacha Harvard mwaka 1975. Ili uiache Harvard, kwanza lazima uwe umeingia Harvard. Baba yake alikuwa wakili. Shule yake ya upili ilikuwa na mashine iliyounganishwa na kompyuta mwaka 1968, wakati shule karibu zote duniani hazijawahi kuona kitu kama hicho. Kufikia siku anaondoka chuo, alikuwa amekaa mbele ya kompyuta miaka kama 7. Na hadi uzeeni bado ni mtu wa vitabu, anatoa hadharani orodha ya alivyosoma. Sasa wewe uliyeacha chuo na ukaacha na kitabu, unafanana naye wapi? Kwa miwani?

Alafu muulize huyo jamaa wa gari la kukodi alijuaje kupanga taa, kukata video, kuandika maneno yanayokufanya usitoe macho. Alikaa chini akajifunza. Kisha anakuuzia kozi ya elfu tano inayokuambia kozi hazina maana. Manze, hata utapeli unahitaji masomo.

Mimi nimesoma zaidi nje ya chuo kuliko nilivyosoma ndani. Kukata video nilijifunza kwa bando ya usiku. Nimejifunza kusoma mkataba kifungu kwa kifungu, kwa sababu kifungu kimoja kinaweza kuchukua picha zako milele na ukabaki unalalamika tu. Nimejifunza kujaza ritani za kodi mwenyewe. Kuna mzee wa studio hapa mjini, alianza kazi enzi za kamera za filamu. Amenifundisha mwanga: usimame wapi, jua la saa kumi jioni linafanya nini kwa uso wa mtu mweusi. Mimi namfundisha kukata video kwa simu. Jumanne ananiita mwalimu, siku zingine zote ananiita kijana. Hakuna cheti hapo, na hakuna siku tutasema tumemaliza.

Lakini sitaki mtu aniambie hii ni hadithi ya kujituma tu, ati kila mtu apambane na hali yake. Hapana. Hili ni jambo la nchi, na ushahidi uko hapa hapa kaunti yetu ya Nakuru.

Teremka Naivasha, uingie Olkaria. Mtambo wa kwanza wa mvuke wa ardhini ulianza kutoa umeme hapo 1981. Wahandisi na wanajiolojia wetu wakati huo walikuwa na digrii, walikuwa na kazi, wengi walikuwa na familia. Kwa hesabu ya mtaani, walikuwa wamemaliza shule. Lakini kufukuza mvuke kilomita chini ya ardhi si kitu walikuwa wamefundishwa darasani. Kwa hivyo walirudi kuwa wanafunzi. Iceland kulikuwa kumeanza mafunzo ya jotoardhi chini ya programu ya Umoja wa Mataifa mwaka 1979, kozi ya miezi 6 kwa watu walio kazini tayari, na Kenya ni kati ya nchi ambazo zimepeleka watu wengi zaidi. Baadaye kozi fupi zikaletwa hapa hapa, kando ya Ziwa Naivasha, na Wakenya wakawa kati ya walimu.

Leo mvuke huo unatoa karibu asilimia 40 ya umeme wa Kenya. Barani Afrika hakuna anayetukaribia. KenGen imeenda kuchimba visima Ethiopia na Djibouti, yaani tunauza ujuzi tuliojifunza ukubwani. Kwa hivyo hiyo stima iliyochaji simu unayosomea maneno haya, kuna nafasi kubwa ilitoka kwa mtu mzima aliyekubali kurudi kwa dawati na kuuliza maswali ya mwanafunzi.

Utaniambia hao ni wasomi, wao wanaweza. Mtu wa kawaida je? Sawa, tuwaache wasomi.

M-Pesa ilianza Machi 2007. Fikiria shosho yako. Leo anatuma, anatoa, anaangalia salio, anajua ule ujumbe wa "nimekutumia pesa kimakosa" ni wa mwizi. Nani alimfundisha? Ajenti, mjukuu, jirani wa kanisani. Hakukuwa na sare wala kengele wala mtihani. Kwa miaka michache tu, mamilioni ya watu wazima, wengine hawajawahi kuingia darasani, walijifunza mfumo mpya kabisa wa pesa. Hiyo inazika milele ile hadithi kwamba mtu mzima hafundishiki, ati "udongo uwahi ungali maji." Shosho yako aliwahiwa akiwa mkavu kabisa na bado akafinyangika.

Tuongee ukweli lakini: kwa nini alifundishwa? Kwa sababu kulikuwa na kampuni inayopata kitu kila akituma. Angalia pia kamari. Vijana waliopata E ya hesabu wanaweza kukupigia odi za mechi 9 kichwani wakisubiri abiria. Kichwa kinafanya kazi vizuri sana. Kwa hivyo swali la "Wakenya wanaweza kujifunza ukubwani?" lilishajibiwa kitambo. Swali lililobaki ni nani analipia somo, na anataka nini kutoka kwako. Serikali ikikataa kulipia, hautakosa walimu. Utafundishwa na yeyote aliye na kitu cha kukuuzia.

Hiyo ndiyo hoja yangu yote, na kama utasahau mengine, shika hiyo.

Jirani zetu waliliona hili mapema. Mwaka 1964, akizindua mpango wa maendeleo wa miaka mitano, Nyerere aliwaambia Watanzania kwamba lazima waanze na elimu ya watu wazima, kwa sababu watoto watachukua miaka mingi kabla ya kuugusa uchumi. Ni hesabu rahisi: anayelima leo ni mtu mzima, anayelea mtoto leo ni mtu mzima, anayepiga kura leo ni mtu mzima. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Madarasa ya kisomo yakafunguliwa chini ya miti, makanisani, misikitini, viwandani. Mwaka 1973 wakafanya kampeni ya redio iliyoitwa Mtu ni Afya. Watu karibu milioni 2 walikaa kwa vikundi, wakasikiliza somo, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Somo leo, jembe kesho. Kwa hesabu za serikali yao, watu wazima wasiojua kusoma walishuka kutoka asilimia 67 mwaka 1967 hadi 27 mwaka 1977, na karibu 10 mwaka 1986.

Sisemi walikuwa malaika. Uchumi ulipoanguka miaka ya 80, pesa za kisomo zikapungua na watu wakaanza kurudi nyuma. Lakini hata hilo ni funzo: elimu ya watu wazima ni shamba, ukiacha kupalilia, magugu hayakungoji. Na ile Tanzania ya 1970 ilikuwa nchi maskini kuliko Kenya ya leo. Kwa hivyo asituambie mtu hakuna pesa.

Sisi je? Sisi tulipata sheria ya Bodi ya Elimu ya Watu Wazima mwaka 1966. Mwaka 1979 Moi alitangaza vita dhidi ya ujinga wa kutojua kusoma, ikaundwa idara nzima. Halafu mwaka 2007 serikali ikatoa ripoti ya utafiti wa kitaifa, uliokuta asilimia 38.5 ya watu wazima hawajui kusoma na kuandika vizuri. Hiyo ni watu milioni 7.8. Angalia huo mwaka tena: 2007, mwaka uleule M-Pesa ilianza. Serikali ilikuwa imekuwa na hiyo sheria miaka 41. Kampuni ikaingia kwa hao hao watu na kuwafundisha kabla hata ripoti haijashika vumbi.

Na angalia tunaitaje elimu hiyo mtaani: gumbaru. Ni neno la kucheka watu. Ukimwambia mtu "enda gumbaru" umemtusi. Mama wa miaka 45 anayetaka kujua kusoma anapita njia ya nyuma na daftari ndani ya kikapu cha sukuma wiki, kama ameiba. Ametuogopa sisi, watoto wetu sote tulio na simu na mdomo.

Tulipata nafasi ya kulisafisha hilo neno. Januari 2004, Kimani Maruge, akiwa na miaka 84, alivaa kaptura na soksi ndefu akajiandikisha darasa la kwanza pale Kapkenduiyo, Eldoret. Serikali ya Kibaki ilikuwa imetangaza elimu ya msingi bure mwaka uliotangulia, na mzee alisema bure ni bure. Alitaka kusoma Biblia mwenyewe ajue kama mhubiri anamwambia ukweli, na alitaka kuhesabu pesa zake mwenyewe. Ebu fikiria hayo mawili: asidanganywe kwa imani, asidanganywe kwa pesa. Kuna sababu bora za kusoma kuliko hizo? Alihutubia Umoja wa Mataifa New York mwaka 2005. Ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008 zilipomtupa kambini, aliendelea kwenda shule akitokea kambini. Alifariki 2009, ikatoka sinema. Tulipiga makofi, tukalia kidogo, tukaenda. Tulimfanya kichekesho kitamu badala ya kuuliza swali chungu: kwa nini mzee wa miaka 84 alilazimika kukaa na watoto wa miaka 6? Kwa nini mtu mzima anayetaka kusoma hakuwa na darasa lake, karibu na kwake, lililoheshimika?

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya elimu. Kila mtu. Mtoto ana kifungu chake, cha 53. Vijana tuna chetu, cha 55, kinachoiambia serikali ihakikishe tunapata elimu na mafunzo yanayofaa. Hakuna mahali pameandikwa haki hiyo inaisha ukirudisha vitabu vya fomu foo.

Kwa nini basi hawasukumi? Nitakuambia ninachoamini. Mtu mzima anayejua kusoma anasumbua. Shika hii barabara yetu ya kwenda Nairobi hadi ufike Limuru. Pale Kamiriithu, mwaka 1976, wakulima na vibarua wa viwandani walianza darasa la kusoma na kuandika. Kutoka kusoma wakaingia kuigiza maisha yao wenyewe, mishahara yao, mashamba yao. Mwaka 1977 serikali ikafuta leseni ya mchezo wao, na mwisho wa mwaka huo Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini bila kesi. Mwaka 1982 ukumbi waliojenga kwa mikono yao ukabomolewa na polisi. Hebu rudia kusoma hiyo: lilikuwa darasa la gumbaru. Darasa la gumbaru likatisha dola.

Na sisi tumelionja hilo juzi tu. Juni 2024, Mswada wa Fedha. Huo mswada ulikuwa umeandikwa kwa lugha ambayo hata mawakili wanakunja uso. Vijana wakaukata vipande, wakautafsiri kwa lugha za nyumbani, wakaueleza kwa video za dakika moja, wakajadiliana mtandaoni hadi usiku wa manane. Watu ambao hawajawahi kusoma mswada maishani walijua kodi gani iko wapi na itapandisha bei ya nini. Mnakumbuka? Kila mtu alikuwa mwalimu na mwanafunzi kwa wakati mmoja. Kabla ya maandamano kulikuwa na darasa. Juni 26 Rais akakataa kutia sahihi. Tulilipa kwa damu, na sitazungumzia vijana waliokufa kama mfano wa kupamba hoja. Ninachosema ni hiki: tulionyesha tunaweza kujisomesha nchi nzima kwa wiki tatu. Kisha tukaacha. Mswada uliofuata ni wangapi waliufungua?

"Lakini wewe, usiniambie nisome nikiwa na njaa." Hii komenti naiheshimu. Mtu anaamka saa kumi na moja, anakaa juani na nduthi hadi saa mbili usiku. Ukimwambia asome vitabu, anaona unamtania. Ndio maana nakataa kuliweka hili jambo kwa bidii ya mtu mmoja. Muda wa kujifunza ni kama maji ya mfereji: lazima mtu auvute hadi mtaani. Kwa hivyo haya ndiyo ninayodai, na hayahitaji miujiza.

Kwanza, madarasa. Kila shule ya msingi Gilgil inafungwa jioni na kukaa tupu hadi asubuhi. Madawati yapo, ubao upo, stima ipo mahali pengi. Jioni tatu kwa wiki zingetosha kuanza: kusoma na kuandika, hesabu za biashara, kompyuta, namna ya kusoma mkataba. Kinachokosekana ni mshahara wa mwalimu na aibu kidogo kwa wakubwa.

Pili, cheti kwa ujuzi. Kuna fundi hapa jua kali amefungua injini za lori miaka 20. Anasikia mlio tu na kukuambia ni sindano ya dizeli au ni pampu. Lakini kampuni ikija, inauliza karatasi, na kijana aliyesoma vitabu vya injini bila kuishika anapewa kazi ya kumsimamia. Kuna majaribio ya ufundi ya NITA, daraja la 3 hadi la 1, na kuna mpango wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya darasa chini ya mamlaka ya KNQA, iliyoundwa kwa sheria ya 2014. Nenda uulize mafundi 10 wangapi wanajua. Barabara ya Rironi hadi Mau Summit inapanuliwa na inapita hapa mlangoni petu. Hiyo ndiyo nafasi ya watahini kuja Gilgil, wapime watu mahali wanapofanya kazi, na kwa bei ambayo mtu wa spana anaweza kulipa. Barabara isitupite na vumbi tu.

Tatu, pesa ambazo tayari zinalipwa. Sheria inamtaka mwajiri alipe shilingi 50 kila mwezi kwa kila mfanyakazi, pesa za mafunzo, kwa NITA. Mwajiri akikupeleka mafunzo yaliyoidhinishwa, anaweza kudai arudishiwe gharama. Kama umeajiriwa shamba la maua, hoteli au kiwanda, uliza kwa adabu: hizo 50 zangu zimenifundisha nini? Ulizeni mkiwa wengi, mmoja mmoja watawanunia.

Nne ni yetu sisi. Tuache kucheka gumbaru. Tuache kushangilia mtu anayejisifu kwamba hasomi. Tafuta mtu mmoja anayejua kitu usichokijua, na umpe kitu unachokijua. Unajua simu, yeye anajua kushona. Unajua Kiingereza cha barua, yeye anajua ng'ombe. Saa tatu kwa wiki. Ni muda mfupi kuliko mechi mbili za wikendi, na mechi haijawahi kukulipa.

Na wewe ambaye bado unafikiri nchi inaweza kusonga bila hii, panda matatu dakika chache kuelekea Nakuru, ushuke Kariandusi. Ni makumbusho, karibu na machimbo ya dayatomaiti. Louis Leakey alianza kuchimba pale mwishoni mwa miaka ya 1920. Utakuta mashoka ya mawe yaliyoachwa na watu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, mengine yamechongwa kwa lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo. Ni mazuri, yanakaa mkononi vizuri. Lakini aina hiyo ya shoka ilidumu duniani zaidi ya miaka milioni moja ikibadilika kidogo sana. Mtoto alichonga kama baba, baba kama babu, babu kama babu wa babu. Wao siwalaumu, walifanya walichoweza na walichokuwa nacho. Sisi tuna maktaba nzima mfukoni, na kuna mtu wa miaka 22 anakuambia kwa kiburi kwamba yeye alimaliza.

Hajamaliza. Wewe pia hujamaliza. Na mheshimiwa akija kuomba kura, mwachie habari za barabara na kofia kidogo, umuulize darasa la jioni la watu wazima liko wapi kwa wadi yako, linafunguliwa saa ngapi, na mwalimu wake analipwa na nani. Akinyamaza, rekodi huo unyamavu uutume kwangu, nitaupachika hapa.

Sasa teremka kwa komenti uandike kitu kimoja unajifunza mwezi huu na nani anakufundisha. Usiniandikie "maisha". Andika kitu kinachoshikika. Na kama huna, andika ungependa kujua nini. Kuna mtu hapo chini anakijua.